Malezi na Masomo: Mwalimu Mkongwe Ajifunza Kusikia

Wiki hii ukumbi wetu hautazungumzia lishe wala usafi wa nyumba, bali jambo linalomhusu kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya msingi. Je, mwanao anajua kusoma, ama anajua kuitikia tu?

Mwaka 2023 nilitumwa na ofisi yangu kuzitembelea shule kadhaa hapa Uganda, ili niwaeleze walimu namna ya kutumia simu za kisasa katika kufundisha. Shule moja ilikuwa jirani na kambi ya jeshi. Darasa lake la tatu lilikuwa mikononi mwa mwalimu aliyeanza kazi miaka mingi kabla ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanzishwa mwaka 1997. Mimi mwaka huo ndipo nilipoingia darasa la kwanza.

Sina budi kukiri kwamba nilimwendea nikiwa nimekwisha kumhukumu. Nilidhani kwamba mtu aliyezeeka na chaki ataiogopa simu. Nikazungumza kwa muda wa saa nzima. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, maneno yako ni mazuri. Lakini nieleze, chombo hiki kitanijulisha nini juu ya watoto wangu ambacho sikijui?"

Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha namna ya kunasa sauti kwa simu yake mwenyewe, maana hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote, nikaaga na kwenda zangu.

Niliporudi baada ya mwezi mmoja, nilimkuta amekwisha kulijibu swali lake. Darasa lake lilikuwa na watoto 76, nao walikuwa wa rika lililoumia sana. Walikuwa ndiyo kwanza wameanza shule wakati shule zote zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na masomo ya kawaida hayakurejea kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Masomo yalitangazwa redioni, lakini redio haiwezi kumsikia mtoto akikosea. Hata hivyo, darasa zima liliposoma kwa pamoja, lilisoma vizuri mno, na sauti zao zilisikika hadi barabarani.

Mzee huyu alifanya hivi. Kila siku aliwapa watoto zoezi la kuandika, kisha akawaita wanane, mmoja baada ya mwingine, chini ya mwembe. Kila mmoja alisoma aya moja ya kitabu peke yake kwa dakika moja, na simu ikanasa sauti. Jioni mwalimu aliketi nyumbani akasikiliza, akahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa na kuyaandika katika daftari. Kazi ikaisha kwa siku 10 za masomo. Umeme ulipokosekana, aliichaji simu kwa sola ya jirani.

Matokeo yalimkosesha usingizi. Watoto 21 hawakuweza kusoma hata mstari mmoja. Miezi yote ile walikuwa wamejificha ndani ya sauti za wenzao. Aliniambia, "Nimefundisha miaka zaidi ya 30, nami nilikuwa nalisikia darasa. Mtoto sikumsikia."

Miongoni mwa hao 21 alikuwamo mtoto wa koplo mmoja, ambaye wakati huo alikuwa Somalia pamoja na kikosi cha Umoja wa Afrika. Kijana huyo alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Mwalimu alipofunua ukurasa mpya, yeye aliendelea kuukariri ukurasa wa nyuma bila kusita. Kila Jumapili mama yake alimpa simu amsomee baba yake kitabu, na baba huko ugenini alifurahi na kujivunia mwanawe.

Sasa mwalimu angefanya nini? Angeweza kunyamaza. Ripoti ya muhula uliopita ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake kwamba mtoto huyu anasoma vizuri sana. Hakuna ambaye angemwuliza. Lakini aliitisha wazazi wa watoto wote 21, familia moja moja, akawasikilizisha sauti za watoto wao.

Mke wa koplo alikasirika. "Mwalimu, ripoti yako hii hapa nyumbani. Nani aliyeiandika?"

Akajibu, "Mama, ni mimi niliyeiandika, nami nilikosea. Nimekuita ili tulirekebishe kosa langu kabla halijawa mzigo wa mtoto."

Mama yule alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza aanze na nini.

Walianza na sauti za herufi, na baada ya hapo maneno mafupi. Watoto wale 21 walibaki kila siku kwa nusu saa baada ya masomo, na kila baada ya wiki mbili kila mmoja alisoma tena mbele ya simu. Mtoto alisikilizishwa sauti yake ya awali na ile mpya, hivyo alijua mwenyewe kwamba amesogea. Mwalimu hakumwacha mtoto mwingine asikilize, ili asiwepo wa kuchekwa. Mwisho wa mwaka alizifuta sauti zote, isipokuwa zile ambazo wazazi waliomba kupewa.

Ndugu msomaji, nchi zetu zimo katika safari ya vyombo hivi. Kenya ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa madarasa ya mwanzo mwaka 2016. Tanzania nayo iliwapa walimu vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022. Hapa kwetu, tangu Baraza la Mawaziri lilipoazimia mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, mwalimu asiyeyazoea matamshi yake anaweza kuyasikia kwa simu. Hizo ni neema. Lakini mzee yule amenifundisha kwamba kwanza liwepo swali, ndipo chombo kitafutwe. Mimi nilikwenda kwake na chombo, swali akawa nalo yeye.

Wazazi nanyi msingoje shule. Mpe mwanao ukurasa ambao hajawahi kuuona, na uifunike picha kwa kiganja. Mguse neno la mwisho wa mstari, kisha la katikati, umwulize ni neno gani. Akishindwa, usimpige wala usimwite mjinga. Nenda ukaonane na mwalimu wake. Kwa ninyi mnaohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, chukueni madaftari ya mtoto pamoja na ripoti zake, maana mwalimu mpya atajifunza mengi kwa kuyaona makosa ya zamani. Na simu isiwe yaya wa mtoto. Mpe kwa kazi maalumu, na kazi ikiisha irudi mkononi mwako.

Yule kijana hakuwa wa kwanza darasani mwisho wa mwaka. Alisoma polepole, akikwama hapa na pale, lakini alisoma. Mama alimtumia mumewe sauti zote mbili, ile ya mwanzo na ile ya mwisho, na kumweleza ukweli wote kuhusu zile Jumapili. Koplo alijibu baada ya siku mbili. Alisema kwamba ile ya kwanza isifutwe, na kwamba Jumapili ijayo mtoto asome taratibu vilevile, yeye atangoja.