Simu Isiyozimika Si Lazima Iwe Imara

Kijana aliyefaulu kuongeza kasi ya prosesa ya simu yake aghalabu hutangaza ushindi mapema mno. Hupandisha mapigo, hushusha volteji ili simu isichemke na betri isiishe upesi, hucheza mchezo mmoja kwa dakika kumi, na simu isipozimika husema kwamba amepata kipimo imara. Kisha huwapa wenzake tarakimu zake, nao huzinakili vile vile. Mwenendo huu una kasoro mbili. Kwanza, tarakimu za simu moja huchukuliwa kuwa ni za simu zote za aina hiyo. Pili, kuzimika huhesabiwa kuwa ndiyo dalili pekee ya kushindwa. Kasoro hii ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Prosesa ni mkusanyiko wa transista, yaani swichi ndogo mno za silikoni, zinazofanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa yake ya ndani. Baina ya pigo moja na jingine, kila ishara hapana budi iwe imekwisha kufika iendako. Mapigo yakiongezwa, muda huo hufupika. Volteji ikipunguzwa, transista hugeuka polepole zaidi. Hufika mahali ambapo ishara inayopita njia ndefu kuliko zote hukuta pigo limekwisha kupita, na panapostahili moja huandikwa sifuri. Dawa iliyo karibu ni kuongeza volteji, lakini dawa hiyo ina gharama yake: umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka kwa kadiri ya mapigo, na huongezeka pia kwa kadiri ya mraba wa volteji.

Mfano mzuri ni prosesa ya OMAP3430 ya kampuni ya Texas Instruments, iliyotumiwa katika simu ya Motorola Droid ya mwaka 2009. Simu hiyo ilitoka kiwandani ikienda kwa megahezi 550, na wenyewe walioifungua programu yake waliipandisha mbali kupita hapo. Jedwali la prosesa hiyo katika mfumo wa Linux huipa volti 1.2 kwa megahezi 500, na volti 1.35 kwa megahezi 600. Mwalimu wa fizikia aweza kuwapa wanafunzi hesabu hiyo ubaoni. Mapigo yameongezeka kwa asilimia 20. Mraba wa volteji umeongezeka kwa asilimia 27 hivi. Na umeme unaotumika kila sekunde, ukiacha ule unaovuja tu, umepanda kwa asilimia 52 hivi. Kazi humalizika mapema, ndiyo, lakini kila kazi hula nishati zaidi ya robo kuliko awali. Ndiyo maana wapenzi wa kasi hutamani sana kushusha volteji hiyo.

Wengi wao huamini kwamba kiwanda kimeweka volteji ya ziada kwa uvivu au kwa hila, na kwamba ziada hiyo ni mali yao iliyofichwa. Hapo wanakosea. Vipande vya silikoni vilivyokatwa katika bamba moja havilingani: kimoja huweza kwenda vizuri kwa volteji ambayo jirani yake haiwezi. OMAP3430 ilikuwa hata na mtambo wa ndani, uitwao SmartReflex, wa kurekebisha volteji kwa kadiri ya hali ya kila kipande. Isitoshe, transista huzeeka, na kwa miaka hupungua wepesi. Betri nayo huchakaa, na ikitakiwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla volteji yake huanguka. Januari 2017 kampuni ya Apple ilitoa programu iliyopunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla, na ikalieleza jambo hilo hadharani Desemba ya mwaka huo. Ziada ya kiwanda ni akiba ya siku kama hizo.

Tukirudi kwenye kasoro ya pili, kuzimika ni kushindwa kwa kelele, na kushindwa kwa kelele si kubaya sana. Kubaya ni kule kwa kimya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walieleza jaribio walilolipa jina la CLKSCREW. Walichukua simu ya Nexus 6, na kwa programu tu, bila ya kuifungua, wakayapandisha mapigo ya prosesa kwa muda mfupi sana kupita yale ambayo volteji iliyokuwapo ingeweza kuyahimili. Prosesa iliendelea na kazi, lakini hesabu zilizofanywa katika sehemu yake ya siri zilitoka na makosa. Na kwa kuyachunguza makosa hayo watafiti waliupata ufunguo uliokuwa umehifadhiwa humo.

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, simu katika Afrika Mashariki imekuwa mkoba wa fedha. Baadhi ya walimu huweka humo alama za mitihani. Kuichezea simu ya namna hiyo kwa tarakimu za kunakili ni ujinga, hata kama mwenye kufanya hivyo ni hodari wa kompyuta. Lakini kulipiga marufuku jambo lenyewe shuleni ni kosa pia, kwa kuwa ni majaribio machache ya sayansi yanayowavuta vijana kiasi hicho bila ya kuamrishwa. Itafutwe simu ya zamani, isiyo na laini wala kumbukumbu za mtu, iwekwe juu ya meza ya maabara. Si kila simu itakubali. Nyingi za sasa zimefungwa na kiwanda.

Mwanafunzi achague kasi moja na asiibadilishe. Ashushe volteji hatua moja moja, na katika kila hatua aipe prosesa hesabu ndefu ambayo jibu lake linajulikana, irudiwe kwa saa kadhaa, na kila jibu lilinganishwe na lile sahihi. Jaribio lifanywe simu ikiwa na joto, kisha ikiwa baridi, maana katika transista ndogo zenye volteji ya chini baridi nayo yaweza kuleta uzito. Lifanywe betri ikiwa imejaa na ikikaribia kuisha. Lifanywe pia simu ikilala na kuamka, jambo ambalo wengi hulisahau, ilhali prosesa huweza kukosea katika kule kutoka kasi ndogo kwenda kubwa. Kipimo kisiwekwe kijitumie chenyewe simu inapowashwa, la sivyo kosa moja litaifanya ishindwe kuwaka kabisa. Jibu likikosewa hata mara moja, huo ndio mpaka, na volteji ya kutumia ni ile iliyo juu ya mpaka kwa hatua mbili au tatu. Mwenzake akimwomba tarakimu zake, ampe pamoja na jina la simu, umri wa betri, joto la chumba, saa za jaribio, na volteji ambayo hesabu ilikosewa kwa mara ya kwanza.