BARAZANI KWA MWALIMU: Bahari Nayo Ina Hesabu Yake



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, mzazi mmoja alituvuta kando, uso wake mzito. Binti yake, aliyehitimu shahada ya kwanza ya uchumi hapa Uingereza na kupata kazi ya uhasibu, anataka kuiacha kazi hiyo akasome shahada ya uzamili ya sera na uchumi wa mazingira, tena kwa kuhama nchi hadi nchi huko Ulaya. "Mwalimu," alituuliza, "nimemsomesha miaka yote hii ili aende kufagia fukwe?" Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Na kwa kuwa wazazi wenye swali lake si wachache, tumeona tulijibu hapa barazani.

Elimu hii si ya kufagia, bali ni ya kujua nani analipa. Kiwanda kinapomwaga taka mtoni, bei ya kitambaa chake haimo ndani yake bei ya samaki waliokufa. Hasara hiyo huibeba mvuvi ambaye hakununua hata shuka. Mwanauchumi Mwingereza, Arthur Pigou, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920 kwamba kodi yaweza kumrudishia mwenye kosa gharama aliyowatupia wenziwe. Naye Elinor Ostrom wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaoshirikiana msitu, malisho au bahari huweza kuvitunza kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Mwanafunzi wa fani hii huyasoma hayo kwa takwimu, kisha husoma sheria na namna serikali zinavyoamua.

Wenzetu wa Pemba hawahitaji mfano wa mbali. Kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya msala wake, kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Katika miaka hiyo wavuvi wake walielimishwa kwa mafundisho ya dini yetu juu ya amana ya viumbe, si kwa amri za serikali peke yake. Sote tulifundishwa tangu chuoni kwamba israfu ya maji haifai hata kwa anayetawadha mtoni. Basi elimu hii si ngeni kwetu. Kigeni ni cheti chake tu.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Yapata miaka 40 iliyopita, tulipokuwa tukifundisha nyumbani, mtoto wa mvuvi, hodari wa hesabu, alitwambia kuwa anataka kusomea mambo ya bahari. Tukamjibu kwamba bahari haisomewi, huvuliwa, akasome biashara. Alitii, kwani zama zile mwalimu alitiiwa. Leo ana maisha mazuri, lakini kila tukionana hutuuliza samaki wa kwao wamekwenda wapi, nasi hatuna jibu.

Tuje kwenye fedha, maana ndipo nia njema nyingi huzama. Mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus, ulioanza mwaka 2004, huunganisha vyuo vikuu vya nchi mbalimbali, na mwanafunzi husoma katika nchi zisizopungua mbili. Mmojawapo wa mwanzo katika fani hii, MESPOM, ulioanza mwaka 2005, uliwapitisha wanafunzi Budapest, kisha kisiwa cha Lesvos huko Ugiriki, kisha Lund ya Sweden au Manchester. Anayepata ufadhili kamili wa Erasmus Mundus halipi ada, na hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Watu wa mataifa yote huruhusiwa kuomba, na maombi mengi hupokewa kati ya Oktoba na Januari.

Asiyeupata ufadhili atashawishika na mkopo wa serikali, uliopo kwa shahada ya uzamili hapa England tangu mwaka 2016. Mkopo huo una riba. Sheria ya mwaka 2017 ilifungua mlango wa mpango usio na riba, lakini utekelezaji wake umeahirishwa mwaka baada ya mwaka. Kila familia na iwaulize wanavyuoni wake kabla ya kutia saini, si baada ya deni kukua. Ama ndugu zetu walioko nyumbani, wapo wanaofaa kuomba ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa sharti la kurudi kwao kwa miaka miwili baada ya masomo. Mwenye uraia wa Uingereza, kama huyu binti, hausiki nao.

Kwa binti tunasema: usiache kazi kabla ya kuishika barua ya ufadhili mkononi. Uliza ni chuo gani kitakachotoa shahada, na waliohitimu kabla yako wanafanya kazi gani. Na kama hesabu zako zina kutu, anza kuzisugua leo.

Kwa baba tunasema: khofu yako ya mtoto kulala miji ya ugenini ni halali, wala hatukulaumu. Lakini khofu hutulizwa kwa kuuliza: atakaa wapi, msikiti uko wapi, nani anamfahamu mtu huko. Mpeleke mwenyewe muhula wa kwanza, uone kwa macho yako. Na kama utamkatalia, mkatalie kwa sababu uliyoipima, isiwe kwa ufagio ambao haumo katika masomo yake.

Sisi tulimkatalia mtoto wa mtu bila kupima. Hatungependa mwengine aje aulizwe swali tunaloulizwa sisi.

Wabillahi tawfiq.