MAENDELEO YA NANI?

Ndugu wachimbaji, ndugu wakaaji wa Goma, Rutshuru na Rumangabo,

Kila mgeni anayetujia huja na neno moja mdomoni: maendeleo. Mbelgiji alikuja nalo. Mwaka 1948 alianzisha kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 akaongeza sheria ya kuandikishwa. Mwafrika aliyeitaka alikaguliwa mpaka nyumbani kwake ili ionekane kama amestaarabika. Dunia ilifanywa ngazi: Mzungu juu, sisi chini, na kazi yetu kupanda huku tukishukuru.

Mbelgiji huyo huyo alichora mipaka ya Bustani ya Albert mwaka 1925, ambayo leo ni Virunga, na makao yake yakajengwa hapa Rumangabo. Gorila alipata mlinzi. Mkulima aliambiwa kwamba shamba la babu yake ni pori. Hatumchukii gorila, lakini twauliza: nani aliulizwa?

Sasa Mchina amefika, na sisi tumegawanyika. Mmoja asema ni mkombozi, mwingine asema ni mkoloni mpya. Wote wawili wamesahau kwamba Wachina wenyewe walibishana juu ya maendeleo zamani, kwa ukali kuliko sisi.

Zhang Taiyan alifungwa Shanghai kwa maandishi yake. Alipotoka mwaka 1906 alikwenda Tokyo kuhariri gazeti la chama cha mapinduzi, karatasi kama hii mnayoisoma. Humo akaandika kwamba wema ukiendelea, uovu nao huendelea. Raha ikikua, mateso nayo hukua. Liang Qichao alizunguka Ulaya baada ya vita vya 1914–1918, akaona magofu, akawaandikia watu wake kwamba ndoto ya sayansi iwezayo yote imevunjika. Liang Shuming alikwenda Zouping, mkoani Shandong, mwaka 1931, akaanza kujenga nchi kutoka kijijini. Na Wang Hui aliandika mwaka 1997 kwamba hata ujamaa wa Mao ulikuwa njia ya kutafuta usasa huku ukiupinga ubepari. Kwa hiyo usasa wenyewe lazima uhojiwe, si ubepari peke yake.

Hatusemi Wachina ni malaika. Mwaka 1958 wakuu wao walihimiza viwanda na mavuno kwa mbio, na njaa iliyofuata iliua mamilioni. Naye Mobutu alikwenda Peking mwaka 1973, akarudi na hamu ya kutukuzwa kama Mao. Swali la Zhang hakulibeba.

Tulibebe sisi. Tazameni mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, wa shaba na kobalti ya Kolwezi. Makampuni ya China yalipata asilimia 68, Gécamines yetu asilimia 32. Ahadi ya barabara na majengo ilikuwa dola bilioni 3. Tungenyamaza, ingebaki hapo. Lakini mwaka 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali yetu waliihoji hesabu hiyo, na mwaka 2024 ahadi ikapanda hadi bilioni 7. Je, huruma ya mgeni ndiyo iliyoipandisha? Hapana! Ni swali lililoulizwa kwa sauti.

Basi na sisi wa Kivu tuulize. Rubaya inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Mchimbaji anayeingia shimoni na taa kichwani, bila nguzo za kuzuia udongo, ndiye anayetengeneza simu ya Beijing na ya Brussels. Kambi ya Rumangabo imetekwa mwaka 2012 na tena 2022, na kila mara wenye bunduki hupata njia ya madini, lakini mwenye sururu hupata kaburi. Haya ndiyo maendeleo aliyoyaona Zhang: raha ya mmoja ikikua kwa mateso ya mwingine.

Wanaotuambia tusiulize, kwamba kwanza tupate barabara, ni walewale waliotuambia kwanza tupate kadi. Tunataka barabara, twaitaka sana. Lakini twataka kujua inakwenda wapi, imelipwa kwa madini kiasi gani, na nani aliyetia sahihi kwa jina letu.

Ndugu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Someni mikataba katika mikutano ya chama. Mchimbaji akae pamoja na mkulima wa mpakani mwa bustani, na mwenye duka wa Goma akae nao. Umoja ni nguvu, na swali la wengi halifungwi jela.

Uhuru na kazi!