Bibi Harusi, Hiyo Shawa ya Umeme Irudi Dukani



Bibi harusi wetu mmoja kaolewa mbali na visiwa, Kigongo huko Mwanza, pale linapoanzia daraja jipya la kuvukia ziwa kwenda Busisi. Mumewe kamnunulia shawa ya umeme, ile inayochemsha maji papo kwa papo unapofungua bomba. Wifi zake wanamwambia angedai hita ya tangi. Ametuuliza ipi bora, nasi tunamjibu mbele ya wote: airudishe dukani, achukue tangi dogo.

Kabla ya hapo tuwajibu wanaosema maji ya moto ni anasa, kwamba aoge ya ziwa kama yalivyo. Hao hawajawahi kuwa mke mpya ndani ya nyumba ya mama mkwe. Josho la janaba halingoji jua lipande. Ukitoka uani kabla ya Alfajiri, ukapepea mkaa na kubandika sufuria, nyumba nzima imeshajua habari zako, mashemeji wakiwemo. Wapo wanaoona haya hiyo mpaka sala ikawapita. Kwa mke mpya, maji ya moto humo humo bafuni ni stara kwanza, starehe baadaye. Na mama wakwe wanaomwita bibi harusi mvivu kwa kuyataka, tunawaomba wakumbuke walivyokuwa wao.

Sasa kwa nini tunaipinga shawa? Kwa sababu lazima iwe imewaka wakati wewe umesimama chini yake. Huna nguo, umelowa, miguu iko kwenye saruji, na maji yanayokumwagikia yanapita kwenye koili yenye umeme. Kama waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, upo na umefungwa sawasawa, hofu inapungua sana. Lakini ni nyumba ngapi za kupanga zenye ethi ya kweli? Tangi, unaliwasha nje ya bafu, linachemka, unalizima, ndipo unaingia kuoga. Tangi nalo lahitaji ethi, tusidanganyane, lakini angalau unaoga umeme umekatwa.

Halafu kuna waya. Shawa hizi huvuta kilowati 5 na nusu hivi, karibu amperi 24. Zinataka waya wake peke yake, mnene wa milimita 6, na breka yake peke yake. Fundi mwenye haraka huchukua umeme kwenye waya wa taa ya bafuni, wa milimita 1.5, akalipwa, akaenda zake. Waya ule unapata moto ndani ya dari mnapolala. Tangi la kilowati 1.5 halifiki amperi 7. Mume aliye tayari kuvuta waya mpya, breka na ethi kwa ajili ya shawa, huyo hatuna ugomvi naye. Mwenye kununua shawa tu na kumwachia fundi mengine, huyo ndiye tunayemsema.

Wauzaji watasema shawa inakula umeme kidogo. Ni kweli kwa mtu anayewasha tangi asubuhi na kulisahau mpaka usiku. Joto linapotea bure. Lakini piga hesabu ya wawili wanaooga dakika 8 kila mmoja, kila siku: kwa mwezi shawa imemeza uniti 44 hivi. Wale wa daraja la LUKU la uniti 75 wajiulize jokofu na pasi zitabakiwa na nini. Tangi la lita 15 huchemka kwa dakika 20 na kitu, likiwa na nusu uniti tu. Yakichanganywa na ya baridi unapata karibu ndoo mbili za uvuguvugu: yake moja, yako moja. Hata umeme ukikatika Alfajiri, maji ya tangi yamebaki na joto lake. Shawa hapo inakutolea ya baridi.

Na ndoo moja ni kidogo? Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akioga josho kwa pishi moja mpaka vibaba vitano, yaani lita 3 au 4 hivi. Sisi tunasimama chini ya shawa mpaka kioo kinaingia ukungu, kisha tunalalamikia LUKU.

(Wenzetu wa Unguja na Pemba wenye visima vya chumvi, kwenu tangi lina kazi ya ziada: ile fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani huliwa na chumvi, ikaguliwe kila mwaka. Huko Kigongo maji ni ya ziwa, matamu, hilo haliwasumbui sana.)

Basi, mwanetu, mwambie mumeo kwa upole, usiku, si mbele ya mama yake. Lita 15 zinatosha wawili. Mkipata watoto mtapanda mpaka 30. Swichi iwe nje ya bafu, ikate waya zote mbili. Ile vali ndogo inayodondosha maji chini ya tangi isizibwe hata fundi akisema inaharibu sakafu, maana ndiyo inayozuia tangi lisipasuke. Usiwashe tangi likiwa tupu siku maji yakikatika. Na siku ya kufunga simama hapo hapo, umwambie fundi akuonyeshe waya wa ethi unakoishia ardhini. Asipouonyesha, hela yake isubiri.