MAMA, ULIZA. SIO KIBURI (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nawachokoza wenzangu wa kazini. Kuna kauli tunaipenda: "Usimwambie mama hatari zote, utamtisha." Naipinga.

Wanaosomea sheria ya fidia za uzembe wanaijua kesi ya Nadine Montgomery wa Scotland. Mwaka 1999 alikuwa mjamzito, mfupi, ana kisukari. Kwa mama kama yeye, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama ni asilimia 9 hadi 10. Alionyesha wasiwasi, hakuambiwa. Daktari alieleza kwamba ukiwaambia, kila mmoja atataka upasuaji. Mabega yakakwama kweli, dakika 12. Mtoto akabaki na ulemavu mkubwa.

Tangu kesi ya Bolam ya 1957, daktari alijitetea kwa kusema madaktari wenzangu nao wangefanya hivihivi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema hapana: kwenye kueleza hatari, kipimo ni kile ambacho mgonjwa wa hali ile angetaka kujua.

Hukumu hiyo haiwafungi majaji wa kwetu. Ila hoja yake ni ya kila wodi. "Mama zetu hawataelewa"? Anapiga hesabu za riba ya vikoba, mmoja kati ya kumi itamshinda? "Foleni ndefu"? Naijua. Sentensi tatu haziirefushi.

Kabla ya kusaini fomu, uliza: Hatari ni ipi? Njia nyingine ipo? Tukisubiri itakuwaje?

Ukijibiwa kwa ukali, uliza tena. Mwili ni wako.