Kona ya Mwalimu: Kabla ya kumpiga, muulize alikuwa anakata nini



Juma lililopita mama mmoja alifika kwenye mkutano wa kikundi amekasirika sana. Mtoto wake wa miaka 13, anayejifunza gitare kwenye korali, alikuwa amekata kona ya karte yake ya mpiga kura kwa mkasi. Sisi wote tunajua karte ile ni nini kwetu hapa Uvira: ndiyo kitambulisho tunachoonyesha barierani na mahali pa kupokea pesa. Akasema: "Nilimpiga, na gitare nimeirudisha korali. Mambo ya muziki yamekwisha kwangu."

Nikamuuliza: "Dada, alikuwa anatafuta nini kwenye ile karte?" Hakujua. Hakumuuliza.

Mtoto alikuwa anatafuta mediatori, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia kamba za gitare. Wenzetu wa pwani, kule Zanzibar, wanakiita risha, kwa sababu wapiga udi wa zamani walitumia unyoya wa ndege ao pembe ya mnyama. Ni kitu cha bei ndogo, lakini kikipotea ao kikiwa kibaya mtoto hawezi kufanya mazoezi vizuri. Basi tujifunze kukichagua, ili tusipoteze franka wala karte.

Kwanza, angalieni unene. Unapimwa kwa milimita, na mara nyingi umeandikwa juu ya mediatori yenyewe. Ya 0.5 ao 0.6 ni nyembamba: inapinda, inapita kirahisi juu ya kamba zote sita. Hiyo inamfaa anayeanza, anayepiga akompa nyuma ya waimbaji. Ya 0.7 mpaka 0.85 ni ya katikati, inafaa karibu kazi zote. Ya milimita 1 na zaidi ni ngumu, haipindi: inamfaa anayepiga solo, kamba moja moja kwa haraka. Mtoto mwenye mkono mzito akianza na ile ngumu, anaweza kukata kamba nyembamba, na kamba ndizo zenye bei. Mandolini ni tofauti: kamba zake nane zimepangwa mbili mbili na zimekazwa sana, kwa hiyo wengi wanaoipiga wanapenda mediatori nene, yenye ncha ya mviringo ili sauti isiwe kali.

Pili, umbo. Ile ya kawaida ni pembe tatu yenye kona za mviringo. Ile kubwa yenye pande tatu sawa ni rahisi kushika kwa mtoto ambaye kila mara kinamponyoka, tena kona moja ikilika anageuza nyingine. Ile ndogo kama tone la maji iachieni waliozoea.

Tatu, kitu iliyotengenezwa nacho. Nailoni ni laini na haivunjiki upesi. Selluloidi inatoa sauti safi lakini inashika moto haraka: isiwekwe karibu na mbabula. Zamani zilitengenezwa pia kwa gamba la ng'amba, kasa wa baharini. Biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa tangu miaka ya 1970, kwa sababu mnyama huyo alikuwa anakwisha.

Na kama hakuna ya kununua? Chukueni ile kadi kubwa inayobaki mkikwisha kutoa laini ya simu. Kama ni kadi nzima, yenye ukubwa wa kadi ya benki, unene wake ni milimita 0.76: ndio hasa ule wa katikati! Chora umbo kwa biki, kata kwa mkasi, kisha sugua pembeni juu ya simenti mpaka isikwaruze kidole. Mtoto yule alikuwa na akili nzuri. Alikosa tu mtu wa kumwambia ni kadi gani ya kukata.

Gitare yenye kamba za nailoni haiombi mediatori. Inapigwa kwa vidole. Hata kamba za chuma zinapigika hivyo. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na sifa yake ikavuka mipaka ya Kongo.

Neno la mwisho, hasa kwa wenye watoto wadogo: mediatori inaingia kirahisi mdomoni na inaweza kuziba koo. Mkubwa asiiache juu ya mkeka. Iwekwe ndani ya sanduku tupu la kibiriti, na sanduku liwekwe juu.

Siku ile, kiisha mkutano, tulikata mediatori mbili na yule mama kutoka kadi tupu ya simu. Moja ilikuwa mbaya, ya pili ilikuwa nzuri. Akaifunga kwenye kona ya kitenge. Karte yake bado ni shida, atapanga foleni kuomba nyingine, na mtoto atamsindikiza ili aone gharama ya mkasi wake. Lakini jana jioni nilimwona mama akitoka korali, gitare mgongoni kama mtoto mchanga.

Mpaka juma lijalo.