Buji haina moto: tupime kwanza, tununue nyuma



Vikundi vyetu vingi vinapeleka mizigo sokoni kwa pikapu ya zamani. Siku inakataa kuwaka, nyanya zinaanza kuoza na fundi anaitwa mbio. Anasema, «Mnunue bobini.» Gari haiwaki. «Basi ni delko.» Kesho yake, buji. Sanduku la kikundi linaisha, na gari ingali palepale. Leo tujifunze maswali ya kumuuliza fundi.

Swali la kwanza: gari ni ya esansi ao ya mazutu? Katika injini ya mazutu, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Buji zake, kama zipo, ni za kupasha joto tu. Haina bobini wala delko ya kuwashia. Anayewaambia mnunue, mmuulize ataifunga wapi.

Kwa gari ya esansi, kama Toyota Hilux ya zamani yenye injini 22R, moto unasafiri kama maji ya bomba: batri, kontakti, bobini, delko, nyuzi, mpaka buji nne. Bobini inapokea volti 12 na kuzigeuza kuwa maelfu ya volti. Maji yasipofika nyumbani, hatung'oi bomba zima. Tunatafuta mahali yanapokatika.

1. Demareri inazungusha injini vizuri? Kama hapana, fundi aanze na batri na demareri.

2. Achomeke buji nzima kwenye waya wake, chuma cha buji kiguse chuma cha injini, mwenzake azungushe ufunguo. Cheche ya buluu yenye nguvu ikionekana kwa kila waya, bobini si ya kununua. Aangalie esansi.

3. Hakuna cheche? Apime vilevile waya mnene unaotoka kwenye bobini. Cheche ikiwa pale, shida iko mbele: kifuniko cha delko, rota ao nyuzi. Kifuniko chenye unyevu wa mvua kinaweza kupona kwa kitambaa kikavu tu. Kilichopasuka kibadilishwe.

4. Bobini haitoi kitu? Afungue kontakti, aweke lampu ya kupimia kwenye alama ya +. Isipowaka, atafute fizibo, kontakti ao waya uliokatika. Ikiwaka, ahamie alama ya −, injini izungushwe. Lampu ikipepesa, bobini ao waya wake mnene ndio wa kushukiwa. Isipopepesa, aangalie platini, ao kifaa cha umeme kinachoshika nafasi yake.

Mkono mtupu usiguse nyuzi hizo. Esansi na watoto wakae mbali na cheche.

Mama mweka sanduku, kabla ya kutoa franka, sema hivi: «Fundi, tuonyeshe mahali moto unakatika.» Fundi anayejua kazi hatakasirika, atawaita mwone. Na kila kifaa anachobadilisha, cha zamani kirudi mikononi mwenu.